Faili ya Mwelu na Pakanga Iliyoitwa Bangi

Wenzangu mnaobaki kwenye dawati la leseni, mmeniomba niwaandikie maneno machache ya busara kabla sijasahau. Busara sina. Nilicho nacho ni hasira, na nimeitunza vizuri kuliko nilivyotunza magoti yangu. Kwa hivyo nitaeleza kazi ilivyokuwa tangu siku ya kwanza, na mkisoma mkakasirika, afadhali. Kuna faili moja ambayo sijaisamehe, na katika wale ambao sijawasamehe mimi mwenyewe nimo. Nitafika huko, ila kwanza nieleze nilivyofundishwa kazi.

Niliingia kanso mwanzoni mwa miaka ya tisini. Kanso ndivyo tulivyoliita baraza la wilaya, na ninyi mliozoea majina mapya mtanivumilia. Nilivaa tai ya kuazima. Asubuhi hiyo sikupewa kiti wala kalamu, nilipewa kazi ya kutafuta faili. Bwana mmoja wa duka la dawa za mifugo alikuwa anafuatilia leseni yake tangu mwaka uliotangulia, na kila akija anaambiwa faili haionekani. Niliitafuta mpaka saa tisa. Niliipata ikiwa imekunjwa mara mbili chini ya mguu wa meza ya afisa mmoja, ili meza isiyumbe. Nilipoichomoa meza iliyumba, chai ikamwagika, na aliyegombezwa ni mimi. Huo ndio uliokuwa mkutano wangu wa kukaribishwa kazini.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Kitonga, karani wa masijala. Alikuwa mfupi, mkavu wa maneno, na sweta lake la kijivu alilivaa Januari mpaka Desemba. Wiki yangu ya kwanza aliniweka mbele ya rafu za faili akaniambia, "Mutiso, watu wa hii ofisi hawasomi. Wanaangalia. Wewe wape kitu ya kuangalia."

Hapo ndipo nilipojifunza desturi ambayo hamtaikuta kwenye mwongozo wowote. Mzee Kitonga alikuwa akibana kielelezo ndani ya faili. Mtu wa machimbo ya Lukenya akiomba kibali, kijiwe chake kinatiwa kwenye karatasi ya nailoni na kufungwa kwenye jalada. Anayetaka kufyatua matofali, kipande cha tofali. Mzee Abdi, mfanyabiashara wa mifugo, aliomba kujenga ghala la ngozi upande wa Kinanie, na majirani wakaandika barua kwamba watakufa kwa harufu. Mzee Kitonga alikata kipande cha ngozi iliyotiwa chumvi na kukaushwa vizuri, akakibana kwa pini mbili ukurasa wa mbele. Madiwani wa kamati ya leseni walikishika, wakakinusa, wakapitishiana. Mmoja akasema hata mkewe ananuka zaidi akitoka jikoni, wakacheka, ghala likapita. Ndivyo mambo ya watu yalivyoamuliwa, na mimi nilidhani ni ujanja mzuri. Mzee alipostaafu niliendelea na desturi yake bila kuacha hata siku moja.

Vifaa vyetu navyo vilikuwa na vituko. Mhuri wa tarehe ulikuwa na gurudumu la miaka lililoishia tisini na tisa. Ilipofika elfu mbili tuliandika mwaka kwa kalamu kando ya mhuri, na kila robo mwaka niliandika barua kuomba mhuri mpya. Landirova ya kanso ilisimama juu ya mawe nyuma ya ofisi, kuku wa mlinzi wakitagia ndani. Kwa hivyo afisa akitakiwa kwenda kukagua mahali, mwombaji ndiye anayetafuta gari. Asiye na gari anaambiwa "njoo wiki ijayo", na wiki ijayo haina tarehe.

Sasa Mwelu.

Alikuja mwaka wa pili au wa tatu wa serikali mpya iliyoingia baada ya uchaguzi wa elfu mbili na mbili, mwezi wa saba. Alikuwa muuguzi aliyestaafu, mjane, mwenye shamba Katelembo. Nilimwita mwaitu, mama, kama tunavyowaita wanawake wa rika lake, naye aliniita Mutiso bila "bwana" tangu siku ya kwanza. Aliketi, akaweka mkoba magotini, akasema shida yake kwa mpango kama anayesoma kadi ya mgonjwa.

"Niko na kikundi ya mwethya. Tunataka kupanda pakanga, hii ya kutengeneza dawa ya malaria. Kampuni imetupatia mbegu. Lakini wanasema kama hatuna karatasi ya kanso ya banda la kukaushia na leseni, majani yetu hawachukui. Na mvua ya Novemba haingoji mtu."

Mwethya mnaijua, ni wanawake wanaolimiana kwa zamu, leo kwangu kesho kwako. Walikuwa kumi na wanane. Kila mmoja alikuwa ametenga kipande cha shamba, na baadhi yao walikuwa wamegombana na waume zao ili waache mahindi msimu huo. Miche ingekuzwa kitaluni kwa Mwelu, kisha igawanywe mvua ikianza. Huku kwetu mvua ya Novemba ndiyo mvua, ile ya Machi ni maneno tu. Miche isipoingia ardhini Novemba hakuna mavuno, na bila mavuno kampuni inaenda kwa wakulima wengine. Nilielewa yote hayo siku hiyo hiyo. Sina pa kujificha kwamba sikuelewa.

Nilimuuliza kwa nini pakanga, mbona asipande maharagwe. Akasema, "Nimefunika watoto wengi sana shuka ya mwisho kwa ile zahanati. Nataka nipande kitu ya kuwasaidia kabla sijaenda." Nilifungua faili.

Afisa wa afya alisema hawezi kutia sahihi mpaka aone choo cha wafanyakazi kimejengwa. Afisa wa mipango alisema choo hakiwezi kujengwa mpaka ramani ipite, na ramani haipiti bila sahihi ya afya. Walikuwa na ofisi zinazotazamana, milango ikiwa wazi, na kila mmoja alimwona mwenzake akipiga miayo. Mwelu alitembea kati ya milango hiyo miwili mwezi wa nane wote na nusu ya wa tisa. Akija asubuhi anaambiwa "rudi upande ule", akienda anaambiwa "rudi upande huu". Siku moja nilimsikia akimuuliza afisa wa afya, "Daktari, sasa hii choo nichimbe kwa ndoto?" Yule bwana hakucheka. Alimwambia asilete madharau kwa ofisi ya serikali.

Nilichofanya nawashauri mkifanye. Niliwaalika wote wawili chai ya saa nne kwenye hoteli ya ng'ambo ya barabara, nikatandaza faili kati ya mandazi, nikampa kila mmoja kalamu. Nilisema, "Wakubwa, tieni sahihi pamoja, asiwepo wa kwanza." Walitazamana, wakatia. Shida yenyewe iliisha kabla chai haijapoa, baada ya kumpotezea mwanamke wiki sita. Wakati huo nilijivuna. Leo najiuliza kwa nini sikufanya hivyo mwezi wa nane.

Kisha wakaenda kukagua, kwa pikapu aliyoitafuta Mwelu. Nami nilikwenda. Tulikuta kitalu kimekaa vizuri chini ya kivuli cha nyasi, miche midogo imejipanga kwa mistari, wanawake wanamwagilia kwa mikebe iliyotobolewa. Nyuma ya nyumba kulikuwa na mimea michache mirefu ya majaribio ya mwaka uliotangulia. Nilishika jani. Wenzangu, hata mtoto wa darasa la pili angeona tofauti. Jani la bangi limetawanyika kama vidole vya mkono. La pakanga limekatikakatika vipande vidogo kama la karoti, na ukilifikicha lina harufu kali ya dawa. Afisa wa afya alilinusa pale pale, akasema linafungua pua. Afisa wa mipango akaomba moja aende kumwekea mkewe kabatini.

Nami nilikata kitawi, kwa desturi ya Mzee Kitonga. Nilikikausha juu ya kabati la faili siku nne, nikakibana kwa pini ukurasa wa mbele. Nilitaka wajumbe wa kamati waone kitu, wasisumbuke kusoma. Kilipokauka kilijikunja, kikawa cha kahawia na kijani, na mtu asiyejua angeweza kusema ni majani ya chochote.

Kamati ilikaa wiki ya mwisho ya Oktoba. Afisa wa kilimo, ambaye kazi yake ilikuwa kuijua mimea, alikuwa kwenye semina mji mwingine. Asiyekuwepo na lake halipo, lakini siku hiyo lisilokuwepo lilikuwa la Mwelu. Mwenyekiti, diwani mmoja mwenye sauti kubwa ambaye simtaji jina, alifungua faili, akaona kitawi, akakichomoa. Alikinusa kwa mbali, kama mtu anayeogopa kitamrukia.

"Hii ni nini?"

Akakiinua juu.

"Waheshimiwa, mimi nimezaliwa hapa Machakos. Hii kitu naijua. Hii ni bangi!"

Chumba kilichangamka. Mwingine akasema hata yeye aliona kitu kama hicho kwa vijana wa Mavoko. Wa tatu akauliza kama tunataka magazeti yaandike kwamba kanso inatoa leseni za bangi. Maombi yalikuwa na kurasa kumi na nne, barua ya kampuni ikiwemo, na picha ya mmea, na jina lake la kisayansi. Hakuna aliyefungua ukurasa wa pili. Nilimtazama afisa wa afya, yule wa kufungua pua. Alikuwa anatazama viatu vyake. Mwenyekiti akamuuliza afisa wa mipango, naye akajibu maneno ambayo mpaka leo yanaponijia nikiwa peke yangu natukana: "Mimi nilipitisha banda, mwenyekiti. Sikupitisha majani."

Na karani? Karani wa kamati haongei mpaka aulizwe. Ndiyo kanuni, na nilifundishwa vizuri. Nilikuwa nimekaa hatua tatu kutoka kwa mwenyekiti. Harufu ya pakanga nilikuwa naijua, shamba nililiona, picha nilikuwa nimeibandika mimi. Nilikuwa na kalamu mkononi, nikaandika: "Mjumbe alieleza wasiwasi kuhusu aina ya mmea. Iliamuliwa kwamba polisi wajulishwe." Mwandiko wangu siku hiyo ulikuwa mzuri sana. Kisha nikaenda kwenye mashine, nikapiga chapa barua ya polisi, bila kosa hata moja.

Bosi wangu alinituma niandamane nao kesho yake, kwa kuwa mimi ndiye niliyejua njia. Polisi walikuwa na gari, na lilikuwa na mafuta. Nilikaa nyuma nikawaonyesha pa kukata kona.

Tulikuta wanawake wote wa mwethya wapo, kwa sababu mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya na walikuwa wanatayarisha kugawana miche. Mwelu aliniona nikishuka akafurahi, akadhani nimeleta leseni. "Mutiso, karibu, mvua iko karibu!" Halafu akawaona wenye sare.

Mkubwa wao aliamuru miche ing'olewe. Mwelu alienda mbele yake na tawi bichi mkononi, akaliinua mpaka usoni kwake.

"Afande, nusa. Nusa tu."

"Mimi sinusi bangi, mama. Naishika."

"Basi ngoja ipimwe. Ngojeni siku mbili tu."

"Ng'oeni. Nyinyi wenyewe, kwa mikono yenu."

Mwelu akanigeukia. "Mutiso, waambie." Nami nikasema, nakumbuka kila neno, "Mwaitu, hii ni amri ya kamati." Ndivyo nilivyomjibu mwanamke ambaye mandazi yangu yalikuwa yamempatia sahihi mbili.

Wakang'oa. Waliinama kwa mstari, bega kwa bega, vile vile walivyopanda. Mwethya hufanya kazi kwa nyimbo, hata ya kuchimba makinga maji kwenye mwamba, lakini asubuhi hiyo hakuna aliyeimba. Mmoja tu alikuwa anasema "Asi! Asi!", kilio chetu cha mshangao, kila anapovuta mche, mpaka mwenzake akamwambia anyamaze. Miche ilirundikwa, ikamwagiwa mafuta ya taa, ikachomwa. Moshi ulinukia dawa shamba zima, na askari mmoja akaanza kukohoa akasema, "Hii harufu si ya bangi." Mkubwa wake akamwambia aingie garini. Mwelu alichukuliwa, akakaa ndani siku mbili kabla ya kuachiliwa kusubiri majibu ya maabara.

Mvua ilinyesha wiki iliyofuata. Ilikuwa nzuri kuliko tuliyoiona kwa muda mrefu, na kila niliposikia matone juu ya mabati nilitamani iache.

Majibu ya maabara yalikuja baada ya Krismasi. Yalikuwa mstari mmoja: mmea si bangi. Niliyapeleka kwa kamati. Mwenyekiti yule yule aliyasoma kwa sauti, safari hii mpaka mwisho, kwa kuwa yalikuwa mafupi, akasema, "Mnaona, waheshimiwa? Utaratibu umefuatwa." Wakaipitisha leseni ya Mwelu kabla ya kuendelea na ajenda ya machinjio. Hakuna aliyesema pole, na hata hilo neno ningeliandika kwenye kumbukumbu za mkutano ningeulizwa limetoka wapi.

Wakati huo kampuni ilikuwa imekwenda kwa wakulima wa mkoa mwingine. Wanawake wale hawakuwa na pakanga wala mahindi. Wengine walikatazwa na waume zao wasionekane tena na "mama wa bangi", na kanisani Mwelu alinyang'anywa darasa la watoto alilofundisha miaka mingi. Mwethya ilivunjika. Haikuvunjwa na ukame wala nzige, ilivunjwa na watu walioshiba chai ya saa nne ambao hawakutaka kugeuza ukurasa.

Vijana wangu, najua mnavyosema mkiwa kantini, kwamba karani ni mkono tu, kichwa kiko juu. Upuuzi. Mkono ndio ulioandika ile barua. Mkiona faili ya mtu inauawa mbele yenu na mnajua ukweli, kohoeni, angusheni kiti, simameni. Watawafokea. Mimi nilifokewa kwa chai iliyomwagika nikiwa na saa saba kazini na sikufa. Desturi ya kubana vielelezo nimeiacha tangu siku ile, nanyi msiirudishe. Mtu asiyetaka kusoma mwacheni akae na ujinga wake, msimpe kitu cha kuchezea.

Bosi aliniambia niipeleke leseni mwenyewe Katelembo, kuonyesha nia njema. Nilimkuta Mwelu uani akichambua kunde. Alinipa kiti. Alivaa miwani, akaisoma leseni yote, na masharti ya nyuma ambayo hakuna mtu mwingine niliyewahi kumwona akiyasoma. Kisha akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa.

"Kwa ule mkutano, ulikuwa ndani?"

"Nilikuwa, mwaitu."

"Na ulikuwa unajua si bangi?"

"Nilijua."

"Ukasema nini?"

"Sikuulizwa."

Aliendelea kuchambua kunde kidogo. "Mimi nimekuwa nesi miaka thelathini," akasema. "Mtoto akiletwa ameanza kukakamaa, hakuna siku nilingoja kuulizwa."

Akaikunja leseni alivyoikuta imekunjwa, akaniwekea mfukoni mwa shati, akaniambia nisichelewe gari. Nilirudi ofisini, nikafungua rejista, kwenye safu ya leseni zilizochukuliwa na wenyewe nikaandika jina lake. Bosi alipita akauliza yule mama alisemaje.

Nikamwambia anashukuru sana.